Tembo la Mgema, Tembo wa Chupani

Nimekirudia kitabu cha Justin Willis, Potent Brews (2002), kuhusu historia ya vileo Afrika Mashariki tangu 1850 hadi 1999. Mpenzi wa bia atakifurahia, ila si kitabu cha starehe. Willis anaonyesha kuwa pombe ni suala la mamlaka: nani anywe, nani anyimwe. Kwanza waliamua wazee, kisha serikali ya kikoloni.

Mamlaka hayo yamo pia katika msamiati wetu. Tembo la mgema ni kinywaji. Tembo wa kwenye chupa ya Tusker ni mnyama, kumbukumbu ya ndovu aliyemuua George Hurst, mwanzilishi mwenza wa kiwanda, 1923. Cha kiwandani kikapewa jina safi, bia. Busaa na chang'aa zikabandikwa "pombe haramu". Sheria ya 2010 iliihalalisha chang'aa kwa masharti, lakini wapi! Midomo yetu bado inaihukumu.

Kinachonikera ni kwamba mama pima, aliyesomesha watoto kwa biashara hii, husomwa kwa Kiingereza tu. Nasi waandishi, kabla ya kuandika "haramu", tujiulize: kinywaji hicho kimekosa leseni, au kimekosa chupa tu?