MCHEZA KWAO HUTUNZWA: JE, TUNATUNZA AU TUNATUMIA?

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hupendwa sana majukwaani, lakini makada wachache wamekwisha kujiuliza maana yake. Kutunza ni nini? Ni kumpa msanii noti siku ya sherehe, au ni kuhakikisha kwamba sanaa yake inaishi? Suala hili ni la itikadi, si la burudani tu.

Tuchukue mfano wa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja. Huko ndiko inakotambulikana Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab iliyoundwa mwaka 1905, ambayo wengi huiita Malindi tu. Imepita enzi ya masultani, utawala wa Waingereza, Mapinduzi ya 1964 na soko huria. Imedumu kwa sababu ina wenyewe: wanachama wenye kazi zao mchana, ambao jioni hukutana kupiga muziki.

Wafadhili, kwa upande wao, wamekuja na kuondoka. Inasimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza ganuni. Muziki ukawa wa kasri. Ni Siti binti Saad wa Fumba, aliyewahi kuuza vyungu, aliyeufikisha kwa umma kwa Kiswahili. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Kasri halina sultani tena, taarab ipo.

Zama zetu zimeleta mfadhili wa nje. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, halikufanyika 2016 kwa kukosa fedha. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kilitangaza mwaka 2019 kwamba huenda kikafunga milango, kwa sababu misaada ilikuwa imepungua. Somo ni wazi: utamaduni unaotegemea bajeti ya watu wengine huishi kwa ratiba ya watu wengine.

Baadhi ya ndugu zetu hujibu kwamba vikundi vijitegemee, kwani ndivyo lilivyotufundisha Azimio la Arusha la 1967. Hoja hii ni nusu ya ukweli. Kujitegemea si kutelekezwa. Mkulima anayejitegemea bado anahitaji barabara na bwana shamba. Kikundi nacho kinahitaji ala na walimu. Ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini, na chombo chenyewe hutoka ng'ambo.

Hapa lazima tujikosoe. Mara nyingi tunakikumbuka kikundi pale tu tunapotaka kupamba mkutano. Tunatoa nauli, chakula na ahsante, kisha tunadai wimbo wa sifa. Huko si kutunza, ni kutumia. Msanii anayeishi kwa hisani ya kiongozi hawezi kumkosoa kiongozi. Na sanaa isiyoweza kukosoa haiufai umma, wala haikifai Chama.

Nini kifanyike? Kwanza, ruzuku itolewe kwa utaratibu unaojulikana na wote, hesabu zikitangazwa, wala isiwe zawadi ya mkubwa. Pili, itangulie kwenda kwenye ala, mahali pa mazoezi na posho ya wazee wanaofundisha vijana. Tatu, anayepokea asidaiwe sifa. Adaiwe kazi: wanafunzi wangapi wamejifunza fidla, udi na ganuni mwaka huu? Nne, wanachama wabaki kuwa wenye klabu, wachague viongozi wao na nyimbo zao.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia. Kuta zake zina sheria ya kuzilinda. Lakini fundi wa ganuni akifariki bila mwanafunzi, hakuna mwashi atakayemjenga upya. Tukingoja siku hiyo ndipo tutoe rambirambi, methali yetu itakuwa imetushitaki sisi wenyewe.