Tone la Kisigino

Damu ya mtoto mchanga haitolewi kwa pupa. Muuguzi hukishika kisigino, akakipasha joto kwa kitambaa cha vuguvugu ili damu ishuke, kisha akadunga pembeni, kamwe si katikati, kwani hapo mfupa uko karibu. Tone la kwanza hufutwa. La pili huachwa lijae lenyewe, liguse karatasi nene na kulowesha duara lililochapwa mpaka upande wa pili. Ukiminya kisigino, majimaji ya mwili huchanganyika na damu. Ukidondosha tone juu ya tone, kipimo kinayumba. Halafu karatasi hulazwa kivulini saa kadhaa ikauke, na kwa unyevu wa Dar es Salaam wakati wa masika, kukausha nako ni kazi.

Matone ya namna hii yalikusanywa Hospitali ya Temeke na Muhimbili kati ya Januari 2015 na Novemba 2016, katika utafiti ambao mtafiti Siana Nkya na wenzake, akiwamo Profesa Julie Makani, waliuchapisha mwaka 2019. Walipimwa watoto 3,981. Kati yao 31 walikutwa na ugonjwa wa selimundu, ule ambao mitaani tunauita sikoseli, na 505 walikuwa wamebeba kinasaba chake kimoja tu, hivyo si wagonjwa.

Hao 31 ukiwatazama kitandani usingewatofautisha na wengine. Hemoglobini ambayo mtoto hutoka nayo tumboni humkinga kwa miezi ya mwanzo. Baadaye ndipo vidole huvimba, maumivu huanza, na wengu, ambao kazi yake ni kuchuja vijidudu, hudhoofika. Akijulikana mapema huanzishiwa penisilini ya kila siku hadi afikishe miaka 5. Haraka hiyo ina sababu. Mwaka 2011 Makani na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,725 walioandikishwa Muhimbili tangu 2004: waliokufa kwa kasi kubwa kuliko wote ni walio chini ya miaka 5.

Takwimu kama hizi huishia kwenye makala, na wanasayansi hupimana kwa makala zao kunukuliwa. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 makala iliyoonyesha kwamba mwenye kinasaba kimoja cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria, na hadi leo hakuna anayeandika juu ya jambo hilo akamruka. Anastahili. Ila naye alianza kwa kuchukua damu za watu, pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, mmoja baada ya mwingine. Idadi ya walionukuu hueleza makala imesomwa kiasi gani. Haielezi doa la damu lilikauka vipi kwenye karatasi. Doa likiwa bovu, mia wanaolinukuu wamenukuu ubovu. Kwa hiyo nikikutana na ile 3,981 katikati ya jedwali, ninachokiona ni mikono ya wauguzi wa zamu ya usiku, ambao majina yao hayatatokea kwenye marejeo ya mtu yeyote. (Wengi wao, nadhani, hata hawajui kama makala ilitoka.)

Tena ufundi hauishii maabara. Jibu likishapatikana, mama keshatoka wodini zamani, na anwani aliyoiacha ni ya Mbagala: shuka kituo fulani, pita nyuma ya msikiti, ulizia kwa muuza vitumbua. Simu aliyoandikisha ni ya shemeji, nayo haipatikani. Anayemtafuta inabidi awe na subira ileile ya kungoja tone lijae, na ajue kusema bila kutisha mbele ya majirani waliokwisha sogea kusikiliza.

Kisha azungumze na wazazi wote wawili, maana ugonjwa huu haumfikii mtoto mpaka kila mzazi atoe kinasaba chake. Wapo akina baba wanaokana papo hapo, wakaapa kwamba kwao hakijawahi kuonekana kitu kama hicho na kwamba yote yametoka ukweni. Mshauri mzoefu habishani nao. Humwomba baba kidole.