Kazi ya Kupima Anguko la Pamoja

Afisa mikopo wa kawaida husoma faili, akalifunga, akafungua la pili. Kipato kipo, dhamana ipo, marejesho ya nyuma hayana doa: anapitisha. Ninaowasifu hapa ni wale wanaosoma mafaili mawili kwa pamoja, wakitafuta kinachowaunganisha wakopaji ambao hata hawajuani.

Hesabu yenyewe ni fupi. Wakopaji wawili, kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 5 wa kushindwa kulipa. Kama hawahusiani kwa lolote, uwezekano wa kushindwa wote wawili ni asilimia 0.25, yaani mara moja katika 400. Kipimo cha uhusiano wa kushindwa kwao kikiwa 0.2 tu, pale ambapo 1 ni kuanguka pamoja daima, uwezekano huo unapanda hadi asilimia 1.2. Karibu mara tano! Na bado ukifungua faili la yeyote kati yao, huoni kilichobadilika.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mkulima wa kahawa, fundi cherehani, muuza mabati na mwenye Hiace huandikwa katika sekta nne. Lakini fundi hushona sare za shule zinazolipiwa na kahawa, mabati hununuliwa baada ya mavuno, na Hiace hujaa wakulima wakishalipwa. Mwaka 2001 bei ya kahawa duniani iliporomoka hadi chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. Kwa anguko kama hilo, sekta nne ni moja.

Mwanahisabati Oldrich Vasicek, mzaliwa wa Prague, alionyesha mwaka 1987 namna ya kuigawa bahati ya mkopaji mafungu mawili: lake peke yake, kama ugonjwa au moto dukani, na la wote, yaani hali ya uchumi. Mikopo ikiwa mingi, mafungu ya mmojammoja hufutana. La wote halifutiki. Kwangu hii ni miongoni mwa fikra nzuri kabisa katika fani ya fedha, na sehemu ya kanuni za benki za Basel II za mwaka 2004 ilijengwa juu yake.

Mwaka 2000 David X. Li, aliyesomea hesabu za bima, alileta kwenye mikopo mbinu iliyotumika kupima vifo vya wanandoa, kwa kuwa aliyefiwa na mwenzake huelekea kufa mapema. Wengi walioitumia walikisia uhusiano kwa miaka ambayo bei za nyumba Marekani zilikuwa zikipanda. Bei ziliposhuka, rehani za majimbo mbalimbali zikachacha pamoja. Ufundi haukufa kwa hilo. Namba ya uhusiano ndiyo sehemu ngumu, na huikadiria vizuri anayejua fundi anashona nini na analipwa na nani.

Basi wewe uliye kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS, nakuomba: kabla ya kupitisha ombi, muulize mkopaji wateja wake wanapata wapi fedha, na jibu uliandike ndani ya faili.