Majina Mawili katika Filamu ya "Maangamizi"

Filamu ya "Maangamizi: The Ancient One", iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Ron Mulvihill, ilipelekwa mwaka 2001 kuiwakilisha Tanzania katika kushindania tuzo ya Oscar, nayo ndiyo ya kwanza kutoka nchini kupelekwa huko. Hapa yafaa tuitazame kwa jicho la lugha, kwani tabaka za picha zake, zinazopishana kama ndotoni, zashikwa na majina mawili ya Kiswahili.

Daktari Asira, Mmarekani mweusi, akutana hospitalini na Samehe (Amandina Lihamba), mwanamke aliyenyamaza kwa ajili ya mambo ya kutisha ya utotoni mwake. Samehe huonana na bibi kizee aitwaye Maangamizi, naye mtazamaji hawezi kukata shauri kama huyo ni mtu, ni mzimu, ama ni kumbukumbu iliyovaa mwili.

Samehe ni kitenzi cha kuamuru kisichotaja mtendwa: si nisamehe, si msamehe, si wasamehe. Kila aitwapo, amri yatolewa, na wa kusamehewa hajulikani. Maangamizi nalo ni la ajabu zaidi. Kama bibi angeitwa Mwangamizi, tungejua kuwa ndiye mtenda, na hadithi ingekwisha hapo. Lakini yeye ni tendo lenyewe, tena kwa wingi, lisilo na mwenyewe. Mswahili akisikia "Maangamizi amekuja", sikio lake lasikia pia "maangamizi yamekuja". Bibi na msiba waingia kwa mlango mmoja. Maya Deren, katika "Meshes of the Afternoon" ya mwaka 1943, alimweka mtu mwenye kioo mahali pa uso. Yule hana jina, na mzigo wote waielemea picha.

Sisi wa Nanganga, tulio kwenye njia ya Masasi chini ya uwanda wa Wamakonde, twalifahamu jambo hili kwa mpingo. Katika kinyago kiitwacho ujamaa watu hupandana juu ya gogo moja, wazee kwa watoto, wala jicho halilazimiki kuanzia kwa yeyote. Msimulizi wa hadithi hana uhuru huo: akisha kusema -li-, -ka- yamburuta mbele, akaenda, akaona, akalia. Filamu hii ni bora pale ionyeshapo kama kinyago, bibi akitokea bila kutangazwa, jana na leo zikikaa pamoja. Hupungua nguvu pale madaktari wanapoanza kufasiri ugonjwa kwa maneno. Mtazamaji ameamshwa kabla ndoto haijaiva.

Tena nalalamikia maneno ya Kiingereza yaliyoongezwa kwenye jina la filamu. Yamwita bibi huyu wa kale tu. Ukale anao, lakini kuangamiza kumeachwa nje ya mlango, na mtazamaji asiyejua Kiswahili ampokea ajuza mpole ambaye Samehe hakumjua kamwe.