Nani Alitengeneza Sifuri?

Kenya 3, Burkina Faso 0. Tarehe 2 Februari 2004, Tunisia. Ukimuuliza shabiki yeyote wa Harambee Stars aliyekuwa na akili timamu mwaka huo, atakutajia waliofunga bila kupumua: Emmanuel Ake, Dennis Oliech, John Baraza. Atakukumbusha pia kwamba huo ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa wa Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na kwamba kocha alikuwa Ghost Mulee. Haya, sasa muulize nani alitengeneza ile sifuri.

Hapo utaona mtu anakuna kichwa.

Nahodha wa kikosi kile alikuwa beki wa kati anayeitwa Musa Otieno. Jina lenyewe watu wanalijua. Wazee wa mtaani wakilisikia wanatingisha kichwa kwa heshima, kama mtu ametaja mwalimu mkali aliyewafunza hesabu. Lakini waulize alifanya nini hasa na maelezo yanaisha mapema. "Alikuwa beki mzuri." "Alikuwa captain." Basi. Kwa Oliech utapewa mabao yote, pamoja na lile la Julai 2003 pale Kasarani dhidi ya Cape Verde, lililotupeleka Tunisia. Kwa Musa unapewa cheo.

Mimi wakati huo nilikuwa nasari, kwa hivyo Musa Otieno ninayemjua ni wa kuhadithiwa na wa klipu. Na klipu ndizo shida yenyewe. Kilichobaki cha timu ile mtandaoni ni mabao, na bao linahitaji sekunde kumi tu kueleweka. Sifuri haina klipu. Huwezi kukata sekunde kumi za kitu ambacho hakikutokea ukaziweka kwenye simu ukamwonyesha mtu kwa matatu. Utamwonyesha nini? Pasi ambayo straika hakupewa kwa sababu kuna mtu alisogea hatua mbili kushoto? Krosi ambayo winga aliamua kutoipiga?

Angalia hata lugha tunayotumia. Kiswahili cha mpira kina utajiri wa ajabu likija suala la kufunga. Mchezaji anatikisa nyavu, anafumania nyavu, anacheka na nyavu, anapachika, anatupia. Mtangazaji mzuri anaweza kupitia dakika tisini bila kurudia neno. Beki je? Beki ni kisiki. Ni ukuta. Timu yake ikifanya vizuri, ngome imesimama. Fikiria hizo picha kidogo. Kisiki ni mti uliokatwa, umebaki chini, na sifa yake moja ni kwamba wewe ndiye utajikwaa. Ukuta haufikirii. Tumempa mshambuliaji vitenzi, beki tukampa nomino za vitu visivyo na uhai. Halafu tunashangaa kwa nini hatukumbuki alichofanya. Tulimweleza kama kitu, na kitu hakifanyi kazi, kipo tu.

Ukweli ni kwamba beki wa kati mzuri hasimami kabisa. Anasoma. Kabla mpira haujafika ameshaamua nani atamfuata na nani atamwacha, ameshamwambia beki wa pembeni arudi, ameshapanga mstari wa kuotea. Akisoma vizuri, hagusi mpira. Ukimwona anateleza kwa mgongo akiokoa mpira mstarini na uwanja mzima unapiga kelele, mara nyingi kuna kosa lilishafanyika sekunde tano nyuma. Kazi yake bora ndiyo isiyoonekana. Na kizazi chetu, tuseme ukweli, kitu kisichoonekana hakihesabiki.

Kwa hivyo nimejaribu kuisoma safari ya Musa Otieno kama mtu anavyosoma kitabu ambacho hakuna aliyekinukuu. Safari yenyewe ni rahisi kuieleza, na labda ndiyo maana haiuziki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikwenda Afrika Kusini, akajiunga na klabu ya Santos ya Cape Town. Akakaa. Zaidi ya miaka kumi. Katikati kulikuwa na muda mfupi wa mkopo Marekani, Cleveland City Stars, lakini nyumbani kwake kisoka palikuwa Santos. Alipokuwa akiitwa, alipanda ndege, akaja kuchezea Kenya, akarudi kazini.

Neno "akakaa" ndilo linalonivutia. Sisi hadithi zetu za wachezaji wa nje ni hadithi za kuhama. MacDonald Mariga alifika Inter na mwaka 2010 akawa kwenye kikosi kilichobeba Ligi ya Mabingwa Ulaya. Victor Wanyama alitoka Ubelgiji akaenda Scotland, Novemba 2012 akawafunga Barcelona kwa kichwa pale Celtic Park, kisha akapanda hadi Ligi Kuu ya Uingereza. Kila hatua juu zaidi ya ile ya kwanza, kila hatua na bei yake. Ni hadithi tamu, na walizifanyia kazi. Lakini zimetufanya tuamini kwamba kwenda nje maana yake ni kupanda ngazi, na aliyekaa ngazi moja miaka kumi amekwama.

Kwanza, Cape Town hata si majuu. Ukitazama ramani iko chini kabisa, ncha ya bara. Pili, Santos si klabu ya kujigamba nayo kwenye base ukiwa na mashabiki wa Arsenal. Lakini hebu tuitazame. Ilianzishwa 1982 na ikakulia katika ligi ya Federation, ile ligi iliyokataa kucheza soka la ubaguzi wa rangi. Uwanja wake ni Athlone, katika Cape Flats, eneo ambalo serikali ya makaburu iliwamwaga watu iliowafukuza katikati ya jiji. Jina lao la utani ni Timu ya Watu. Msimu wa 2001/02, chini ya kocha Gordon Igesund, Timu ya Watu ilitwaa ubingwa wa Afrika Kusini mbele ya Chiefs, Pirates na Sundowns, wenye pesa na wenye mashabiki kila kona. Tangu ligi ile ianze kwa mfumo wa sasa mwaka 1996, hakuna klabu nyingine ya Cape Town iliyowahi kuibeba. Na kikosi hicho kilikuwa na Mkenya katikati ya ulinzi.

Sasa weka hilo kando ya jambo lingine. Mei 2008 ghasia dhidi ya wageni zilianza Alexandra, Johannesburg, zikasambaa hadi Cape Town, na zaidi ya watu 60 wakauawa. Waliolengwa walikuwa Waafrika wenzao, watu wa Zimbabwe, Msumbiji, Somalia, wenye vibanda na maduka madogo. Katika nchi hiyo hiyo, mwaka huo huo, mgeni kutoka Nairobi alikuwa na takriban miaka kumi ndani ya jezi ya Timu ya Watu. Kukaa mahali kwa muda huo si kukwama. Ni kuaminiwa kila Jumamosi, upya, na watu wasio wako. Straika anaweza kuaminiwa kwa bao moja zuri. Beki anajenga imani polepole kama mtu anayeweka akiba ya chama, na anaweza kuipoteza yote kwa kuteleza mara moja.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu uhakiki unaosifu tu ni matangazo. Kabla ya ile sifuri ya Burkina Faso, kulikuwa na mechi mbili. Mali walitufunga 3-1. Senegal, waliokuwa wamefika robo fainali ya Kombe la Dunia miaka miwili nyuma, wakatufunga 3-0. Mabao sita ndani ya mechi mbili. Mtu akiniambia ngome ya Kenya ilikuwa imetoboka, sina la kumjibu. Lakini tazama jinsi tunavyogawa: yale sita tunayaandika kwa jina la mabeki, na ile sifuri moja tunaiandika kwa jina la timu. Beki anaonekana siku anayofungwa tu. Kama tungemhukumu Oliech kwa kila nafasi aliyokosa bila kuhesabu alizofunga, tungeandika vitabu vya matusi.

Kisha ikaja Juni 2004, miezi minne tu baada ya Tunisia, FIFA ikaifungia Kenya kwa sababu ya mvutano wa serikali na shirikisho. Marufuku iliondolewa Agosti, lakini tulichokipoteza hakikurudi haraka. Tulisubiri hadi 2019 kuingia tena fainali za AFCON. Miaka 15. Musa aliendelea kuja kuichezea nchi ndani ya hiyo miaka mikavu, akiwa beki wa timu ambayo ulinzi wake mbovu zaidi ulikuwa ofisini. Hapo hakuna mstari wa kuotea utakaokusaidia.

Alipomaliza kucheza, alirudi. Bobby Williamson alipochukua Harambee Stars mwaka 2014, Musa alikuwa msaidizi wake. Na hapa tena lugha yetu inatuumbua. Neno "amerudi" hapa kwetu lina sauti ya chini, linasemwa kama pole. Ukienda nje ukarudi, watu wanataka kujua nini kiliharibika. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sauti hiyo naitambua hata ikitokea chumba cha pili: ile "kwani siku hizi uko wapi?" ambayo jibu lake limeshaamuliwa. Tunasoma maisha ya watu kama klipu. Picha ya uwanja wa ndege ni bao. Picha ya mahafali ni bao. Miaka ya kati, ambayo mtu anafanya kazi vizuri na hakuna kinachoharibika, hiyo tunaipeleka mbele haraka.

Agosti 2025 tulipata nafasi ya kujifunza kusoma. CHAN ililetwa kwetu, Tanzania na Uganda, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu. Kocha wetu alikuwa Benni McCarthy, kijana wa Hanover Park, Cape Flats, maeneo yale yale Musa alikokwenda kutafuta kazi. Nahodha alikuwa beki, Abud Omar, ambaye amecheza Bulgaria, Ubelgiji, Romania na Ugiriki, kisha akarudi kuchezea Kenya Police, mabingwa wa ligi ya 2024/25. Kumbe "aliyerudi" ndiye aliyepewa kitambaa.

Matokeo ya makundi: DR Congo 1-0. Angola 1-1, na tulibaki kumi mapema kipindi cha kwanza. Morocco 1-0, tukabaki kumi tena kabla ya mapumziko. Zambia 1-0. Soma hizo namba upande wa kulia. Mechi nne, bao moja tulilofungwa, sifuri tatu. Kenya nzima ilijifunza jina la Ryan Ogam, na ni haki yake. Alifunga dhidi ya Morocco na Zambia, akaenda zake Austria kuchezea Wolfsberger. Lakini mechi ya Morocco haikuamuliwa na bao lake peke yake. Bao liliingia kipindi cha kwanza. Baada ya hapo kulikuwa na kipindi kizima cha watu kumi kuzuia timu bora kuliko wao, na Kasarani nzima ilikuwa imesimama ikitazama hicho.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeona Wakenya wakishangilia kitu kutokutokea. Mpira ukiondoshwa eneo la hatari, kelele. Krosi ikizibwa, kelele. Watu walikuwa wanasoma ulinzi sentensi kwa sentensi, bila kungoja muhtasari. Kisha tukafika robo fainali, Madagascar wakatutoa kwa penalti baada ya sare ya 1-1, na tukarudia tabia yetu ya kutafuta nani alikosa.

Ninachodai hapa ni kidogo. Watangazaji watafute vitenzi vya mabeki: anasoma, anaziba, anakatisha, anapanga, anamsukuma straika pembeni. Anayeandika ripoti ya mechi ya 1-0 atenge aya moja kwa ile sifuri na ataje majina. Na yule aliye na kanda kamili ya Kenya na Burkina Faso, dakika zote tisini, aiweke mahali tuione. Mabao matatu tunayajua. Nataka kutazama nambari zilizobaki, zile dakika ambazo kamera inafuata mpira na hakuna kitu kinachotokea langoni mwetu, nijionee nani alikuwa anahakikisha hakitokei.