Hee Haw: vurugu iliyopangwa

Mtazamaji wa kipindi cha televisheni Hee Haw aliona vurugu tupu. Mtu anachomoza katikati ya mabua ya mahindi, anatupa mzaha, anazama. Punda wa katuni anapita. Mara banjo inaanza kulia. Lakini vurugu hiyo ilitokana na ratiba kali ya kazi, na ratiba hiyo ndiyo iliyokipa kipindi maisha marefu.

Kipindi hicho cha muziki wa kantri na vichekesho kilianza kurushwa na CBS ya Marekani Juni 15, 1969, kikiongozwa na Buck Owens na Roy Clark. Waliokibuni, Frank Peppiatt na John Aylesworth, walikuwa Wakanada. Waliuchukua mwendo wa kasi wa kipindi cha vichekesho Laugh-In na kuuhamishia shambani.

Siri ilikuwa katika kurekodi. Hakuna kipindi kilichorekodiwa kwa mfuatano, mwanzo hadi mwisho. Wasanii walikutana Nashville mara mbili kwa mwaka. Mahindi ya bandia yakishasimamishwa studioni, mizaha ya shambani ya vipindi vingi ilirekodiwa mfululizo. Kisha ikafuata zamu ya Archie Campbell akiigiza kinyozi, na mandhari nyingine. Wahariri ndio waliochambua kanda, wakavikata vipande na kuviunga hadi ikapatikana saa nzima ya televisheni. Hata vicheko viliongezwa baadaye.

Uhariri huo haukufuta kila dosari. Mchekeshaji Junior Samples alikuwa akijikwaa kusoma maneno aliyoandikiwa kwenye kadi, na kujikwaa kwake kukaachwa, kwa sababu ndiko kulikochekesha.

Muziki ulitendewa kwa namna nyingine kabisa. Katika toleo la kwanza walialikwa waimbaji Loretta Lynn na Charley Pride, na wageni wa aina hiyo walipewa nafasi ya kuimba bila mzaha kuwakatiza. Clark mwenyewe alikuwa fundi wa gitaa na banjo. Alipopiga, kasi ya vichekesho ilitulia ili vidole vyake vionekane.

Mwaka 1971 CBS ilikiondoa kipindi, pamoja na vingine vya maisha ya shamba, ikitafuta watazamaji vijana wa mijini. Watayarishaji wakakiuza moja kwa moja kwa vituo vya mikoani. Kwa kuwa kazi ya studio ilibanwa katika majuma machache, nyota waliendelea na ziara zao za muziki bila kukihama. Owens alidumu hadi 1986, na vipindi vipya vikaendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1990.