Mlango wa Kitabu cha Kwanza: Mnyampala, Kongola na Mwandishi wa Mpwapwa

Kila mwandishi chipukizi amalizapo mswada hujiuliza suali moja: nimpelekee nani? Katika miji ya London na New York jibu lake linajulikana. Yupo wakala wa fasihi, ambaye kwa lugha ya masoko yetu tungemwita dalali. Huyu huusoma mswada, huutafutia mchapishaji, kisha hukata fungu lake, aghalabu asilimia 15, katika malipo ya mwandishi. Vijana wetu nao wanamuulizia dalali huyu. Makala haya yanadai kwamba fasihi ya Kiswahili haikukosa kamwe washika mlango. Iliyemkosa ni msomaji wa kukaa na mswada na mwenyewe mswada, wakauliza pamoja unataka kuwa kitabu gani. Mashahidi wetu ni waandishi wawili wa Ugogo.

Kwanza tupige hesabu. Tuchukulie mwalimu wa Mpwapwa, mji wenye chuo cha ualimu cha siku nyingi, ameandika riwaya. Kitabu chauzwa shilingi 10,000, yeye hupata asilimia 10, na nakala 1,000 zimekwisha zote. Mwandishi atapata shilingi milioni moja. Dalali wake, 150,000. Hapana mtu atakayefungua ofisi kwa fungu hilo. Mchapishaji naye hana nafasi ya kubahatisha. Miaka mingi alijilisha kwa vitabu vya kiada, na tangu kati ya miaka ya 2010 kazi hiyo imo mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Ndiyo maana mwandishi mpya huambiwa achangie gharama za chapa, na Mpwapwa si mahali ambapo fedha hizo huokotwa njiani.

Basi vitabu vya kwanza vilipitia wapi? Mathias Mnyampala alizaliwa Ugogo mwaka 1917 akafariki 1969. Wengi tunamjua kwa ngonjera na kwa diwani yake. Lakini kitabu kilichotangulia kumtambulisha hakikuwa cha mashairi. Ni Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kilichotolewa mwaka 1954 na East African Literature Bureau, idara iliyoundwa na serikali za kikoloni mwaka 1948. Idara hiyo ilikuwa na hamu ya vitabu vya namna hiyo, yaani kabila moja, kitabu kimoja. Itazameni anwani yenyewe: watu wazima, wenye ugomvi wao, njaa zao na mizaha yao, wamepangwa katika makasha matatu. Mnyampala aliingia katika kipimo alichokikuta mlangoni, na aliingia kwa heshima, kwani alitaka watu wa kwao wawe na historia iliyoandikwa na mmoja wao. Hatuna haki ya kumlaumu. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuona kwamba mshairi alisubiri nje wakati karani wa mila akikaribishwa ndani. Diwani yake ilitoka baadaye, katika miaka ya 1960. Tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilichapishwa mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake. Historia ya kabila ilipata mlango mapema. Maisha ya mtu yalingoja karibu nusu karne.

Shahidi wa pili ni Mzee Ernest Kongola, aliyekuwa mwalimu. Yeye hakungoja mlango. Baada ya kustaafu alikusanya na kuandika historia za ukoo na za watu wake kwa mkono wake, juzuu baada ya juzuu, na zikabaki miswada. Mojawapo imepewa jina Historia Fupi ya Mbeyu ya 'Wevunjiliza' toka 1688 mpaka 1986. Neno mbeyu ni la Kigogo, nalo limekaa katikati ya Kiswahili bila ya kuomba radhi wala kufasiriwa. Hapana shaka mhariri wa idara ya 1948 angelifuta na kuandika ukoo, na hapo pangepotea kitu, kwani mbeyu ni mbegu: ni watu waliopandwa, wakaota. Huu ndio uhuru wa anayejiandikia. Lakini uhuru huo una gharama. Asiyepita mlangoni hakutani na mgeni wa kumuuliza: huyu uliyemtaja ni nani, na msomaji wa Pemba au Kigoma atamjuaje? Mswada hubaki wa jamaa, na jamaa hupungua.

Ajabu ni kwamba waandishi hawa wawili walifikishwa ughaibuni na mtu mmoja. Gregory Maddox, mwanahistoria wa Marekani, alikitafsiri kitabu cha Mnyampala kwa Kiingereza mwaka 1995. Mwaka 2006 akatoa, pamoja na Kongola, kitabu cha Kiingereza juu ya kazi za mzee huyo. Tunamshukuru kwa hisani hiyo. Lakini ni fedheha yetu kwamba msomaji wa Kiingereza apate kuzijua historia za Kongola dukani, ilhali zenyewe kwa Kiswahili ni miswada.

Je, tuzo zitatuokoa? Tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imewafungulia wengi, akiwemo Mzanzibari Mohammed Ghassani, ambaye diwani yake N'na Kwetu ilishinda mwaka 2015. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Hizi ni neema, na mwalimu wa Mpwapwa anaweza kuzishindania bila ya kujuana na mtu Dar es Salaam. Hata hivyo jopo huchagua, halilei. Miswada iliyoshindwa hurudi kimya, na aliyeshindwa kwa sababu ya sura mbili dhaifu hajui kuwa ni mbili tu.

Kwa hivyo tusimlilie dalali. Soko letu halimwezi. Tuhitaji wasomaji wa miswada wenye ujuzi, walipwe ijapokuwa kidogo, na wakae vyuoni huko huko bara, Mpwapwa ikiwamo, si pwani peke yake. Kazi yao iwe kumwambia mwandishi kwa maandishi pale aliposimama na pale alipoanguka, na kulijua neno mbeyu vya kutosha ili waliache mahali pake. Mnyampala alikuwa na mlango bila ya msomaji huyo. Kongola hakuwa na mlango wala msomaji huyo. Wa tatu yumo anaandika, na haifai tumwachie achague hasara ipi kati ya hizo mbili.